Sahani Hairudi Tupu

(Mazungumzo na akina mama na vijana wa mtaa, Tanga, siku chache kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, Februari 2026)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, shikamoo. Mama zangu mliokaa mbele hapo, shikamooni. Dada zangu, wadogo zangu, na ninyi wanangu mliojazana mkekani, marahaba. Mliponiita mliniambia, "Mwalimu, njoo utuzungumzie mambo ya sikukuu, mapishi na zawadi na mapambo, vitu vya kufanya nyumbani kwa mkono." Nikakubali, lakini nikasema sitakuja mikono mitupu. Ndiyo maana mnaona hapa mbele yangu pana mbuzi ya nazi, kifumbu, kawa la bibi yangu la kufunikia chakula, lililokwisha kupauka, na beseni lenye ukindu ulioloweshwa tangu asubuhi. Tutavifikia.

Mwaka huu tumejaaliwa jambo. Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani unatazamiwa kuandama siku hizohizo. Mtaa mzima utafunga pamoja, wa msikitini na wa kanisani. Kisha Idi itatufikia kwenye tarehe 20 Machi, mwezi ukionekana, na Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo maandalizi yanayoanza wiki hii ni ya nyumba zote, na nimeona nizungumze na nyumba zote kwa pamoja.

Nianze na sahani.

Nilipoolewa tulipanga kwenye kota, ukuta mmoja na mama mmoja wa Kilimanjaro, Mkristo, mwenye watoto wanne. Krismasi ya kwanza alinigongea mlango asubuhi akanipa sahani ya maandazi na kipande kikubwa cha keki, juu imefunikwa kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Tukala, tukafurahi. Nikaiosha ile sahani vizuri, nikaikausha, nikamtuma mtoto airudishe na kitambaa chake. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kunitembelea, ameketi uani anachambua mchele. Akaniuliza, "Umerudisha nini?" Nikasema, "Sahani, bibi." Akasema, "Sahani ni yake. Nimekuuliza, umerudisha nini?"

Sikuwa na jibu. Bibi akanyanyuka, akachuma ndimu kwenye mti wa uani, akazifunga pindoni mwa kanga, akaenda mwenyewe. Walizungumza huko mpaka adhuhuri. Tangu siku ile, kwa miaka kumi na mbili tuliyokaa pale, kati ya mlango wangu na wake kulikuwa na chombo kilicho njiani. Kikitoka kwangu na mbaazi za nazi, kinarudi na ndizi za kwao. Kikitoka kwake na mtori, kinarudi na vitumbua. Hakuna aliyewahi kulipa akamaliza, wala hakuna aliyetaka kumaliza.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Kitu cha sikukuu kilichofanywa kwa mkono kina safari. Kinatoka nyumba hii, kinaingia ile, kinadai jibu, na jibu lake linadai jingine. Mwaka mzima unapita milango ikiwa wazi. Naona safari hiyo inakatika mtaani kwetu, na inaniuma.

Sisemi hivyo kwa kumlaumu mtu. Najua mama anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hawezi kukuna nazi nne kabla ya futari. Wenye blenda, sagieni blenda. Wenye oveni, okeni humo, wala msiwe na wasiwasi. Mimi mwenyewe siku hizi mgongo hauniruhusu kukaa juu ya mbuzi kwa muda mrefu. Ninachokililia ni ile nyumba ambayo kila kitu cha sikukuu kimenunuliwa: biskuti za boksi, maua ya plastiki, sahani za kutupa. Ile sahani ya kutupa ndiyo inayonitia huzuni kuliko vyote, kwa sababu hairudi. Umempelekea jirani pilau kwenye chombo ambacho hana sababu ya kukurudishia.

Basi tuingie jikoni.

Nimechagua mkate wa kumimina, kwa sababu ndio utakaotuonyesha kwamba jiko la Ramadhani na jiko la Krismasi ni jiko moja. Chukua nusu kilo ya mchele, uuloweke usiku kucha. Asubuhi usage pamoja na tui zito, kama vikombe viwili, mpaka ukiusugua baina ya vidole usisikie chenga. Tia hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki uliyoitwanga wakati huohuo, kwa sababu iliki iliyokaa kwenye kopo tangu mwaka jana imekwisha toka roho. Funika, acha uumuke. Sukari, kikombe kimoja, iwe ya mwisho. Hapa ndipo wanangu wengi mnapoharibu. Mkiitia sukari yote mwanzoni, hamira inachelewa kufanya kazi, mkate unatoka mzito kama tofali. Ukishaumuka na sukari imeingia, tia ute wa yai moja, koroga taratibu, usiuchape ukaufukuza ule upepo. Pasha sufuria iliyopakwa mafuta, mimina, moto mdogo chini. Ukiona vitundu vimefunguka juu, weka mfuniko wa bati, upalie makaa juu yake.

Kupalia huko ndiko kunakoupa mkate rangi ya dhahabu, na ndiko jirani yangu alikotumia kuoka keki yake. Yeye alitandika mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sufuria ndogo ya keki juu ya mchanga, akafunika, akapalia. Moto juu, moto chini. Nilimfundisha kupunguza makaa ya chini ili mkate usishike, naye akanifundisha kusaga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe, mkono ukiuma ndipo ujue bado kidogo. Hatukuwa na mizani. Tulipima kwa kikombe kimoja chenye mpini uliovunjika, na kila mmoja alikijua.

Niseme neno juu ya kalenda, maana mapishi ya sikukuu yanategemea msimu, na vijana hili hamfundishwi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Idi inarudi nyuma kila mwaka, inapita masika, inapita vuli, inapita kiangazi. Mwaka 2030, tukijaaliwa uhai, tutafunga Ramadhani mara mbili: mwanzoni mwa Januari, na tena mwishoni kabisa mwa Desemba, Krismasi ikiwa ndiyo kwanza imepita. Wazee wetu wa pwani waliipanga miezi yao kwa kuitazama Idi. Mwezi wa Idi waliuita Mfungo Mosi. Mfungo Tatu ni mwezi wa Idi ya kuchinja, Mfungo Sita ni wa Maulidi, wakahesabu hivyo mpaka Mfungo Tisa, ndipo ikaja Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Kwa hiyo ukimwuliza bibi "tuko mfungo gani?" alikuwa anakujibu pia ni wakati wa kuandaa nini.

Mwaka huu Idi yetu inakuja masika yakiwa mlangoni. Hewa ina unyevu, na sukari huuvuta unyevu. Visheti na kashata ukizipika siku tatu kabla na kuziacha kwenye sinia, siku ya sikukuu utakuta zinanata mkononi. Zikipoa kabisa, ziweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, na kopo lisikae karibu na dirisha. Vileja navyo ni hivyohivyo. Unga wa mchele, samli, sukari ya kusaga, viini vya mayai, iliki. Moto uwe mdogo, vikauke bila kubadilika rangi, na kileja kikivunjika mkononi ukiwa unakitoa usilie, hivyo vya kuvunjika ndivyo fungu la watoto wa jikoni. Na mnapopika shira ya kaimati, watoto wakae mbali. Maji yanayochemka yanachuruzika, lakini shira inaganda ngozini na kuendelea kuunguza. Nimeuona mkono wa mtoto wa miaka sita ulivyokuwa, sitausahau.

Idi ikiwa katikati ya mwaka, tulikuwa na machungwa ya Muheza, na bibi alikausha maganda yake akayatia kwenye chai ya sikukuu pamoja na tangawizi. Mwaka huu hayapo, tutatumia mchaichai. Sikukuu ya mkono inakubali hayo. Inapika kilichopo.

Sasa zawadi. Nawakumbusha Waislamu wenzangu kwamba zawadi ya kwanza ya Idi ni chakula, tena ni faradhi: zakatul fitri, pishi, yaani vibaba vinne, kwa kila kichwa nyumbani, iwafikie wenye haja kabla ya sala. Kipimieni chakula hicho mbele ya watoto. Mtoto akishika kibaba na kuhesabu vinne, vya kwake mwenyewe, ataelewa jambo ambalo maneno yangu hayafiki.

Mkono wa Idi kwa watoto wa jirani, huwa tunatoa sarafu. Napendekeza tuitie kwenye vifuko. Nendeni kwa fundi cherehani, ana mabaki ya vitambaa anayoyafagia kila jioni. Kata vipande viwili vya kadiri ya kiganja, shona pande tatu, pitisha uzi juu. Ndani tia kashata mbili na hiyo sarafu. Kifuko kimoja kinachukua dakika ishirini kwa mkono. Anza mfungo ukianza, shona kimoja kila usiku baada ya tarawehe, siku ya sikukuu una vifuko zaidi ya ishirini na tano na hukuhisi kazi. Mama wa Kikristo, hivyohivyo kwa Pasaka, mna siku arobaini.

Kwa mwenye subira kubwa zaidi kuna kofia ya viua. Hii nawaambia hasa vijana wa kiume, maana huko Lamu wanaume wameshona kofia tangu zamani, wala hakuna anayeona ajabu. Kitambaa cheupe kinachorwa ruwaza, vitundu vidogo vinatobolewa kimoja kimoja, na kila kitundu kinazungushiwa uzi ukingoni mpaka kiwe jicho. Kofia moja nzuri huchukua miezi. Ukianza leo hutaimaliza Idi hii, lakini Mfungo Tatu huenda, na Maulidi bila shaka. Baba yangu alizikwa nasi tukabaki na kofia yake aliyoshonewa na mama kabla hawajaoana. Tuliifua kwa sabuni ya kipande, tukaivalisha kwenye bakuli ikauke na umbo lake. Mwanangu huivaa siku ya Idi tu.

Na kwa asiye na subira wala fedha, kuna kikuba. Chuma asumini alasiri, zikiwa bado zimefumba, kwa sababu hufunguka jioni na ukizichuma asubuhi umechelewa. Rehani kidogo, kipande cha mkadi ukipata, langilangi moja. Funga kwa uzi, fungia kwenye kitambaa kibichi. Usiku wa Maulidi mtu akikubandikia kikuba kifuani, nyumba nzima inanukia kabla udi haujawashwa. Hakuna duka linalouza harufu hiyo. Na asumini iko kwenye ua wa nyumba tatu ninazoziona nikisimama hapa.

Nimefika kwenye ukindu, na hapa mnivumilie kidogo.

Mkindu unaota penye maji, kando ya mito na mabondeni. Mvunaji anachukua lile kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, tena hachukui yote, huacha mti upumue. Ukindu unaanikwa juani mpaka uwe mweupe, unachanwa, na ule wa rangi unachemshwa na rangi ya unga. Chane zinasukwa kuwa ukili, na ukili unashonwa kuwa kila kitu. Tazameni hiki kifumbu cha kuchujia tui, ni ukindu. Mkeka mliokalia ni ukindu. Kawa hili ni ukindu, na bibi yangu alilisuka wakati anamsubiri mama yangu azaliwe. Liliwahi kuwa na zambarau na kijani. Limefunika futari ngapi, sijui, lakini nakumbuka mwenyewe nikiwa msichana nikivuka njia saa kumi na mbili kasoro, sinia kichwani, kawa juu, nikikutana na msichana mwenzangu wa nyumba ya pili anakuja kwetu na sinia lake. Tulipishana bila kusimama kwa sababu adhana ilikuwa karibu.

Na jirani yangu wa kota, Jumapili ya Matawi, alikuwa akitoka kanisani na msalaba mdogo wa ukindu uliosukwa. Aliutundika juu ya mlango. Ulikaa hapo mwaka mzima, ukibadilika kutoka kijani kuwa njano, na Kwaresima ilipokaribia aliurudisha kanisani ukachomwa na mingine. Majivu anayopakwa mtu wa Mungu Jumatano ni ya matawi yaleyale ya mwaka uliopita. Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza muda mrefu. Bondeni kumekatwa kuti moja. Nusu limekuwa kawa la futari yangu, nusu limekuwa msalaba wa mlango wake.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, nilishangilia. Nilisema sasa kikapu kimerudi. Sokoni kikaja mfuko mwingine wa dukani, na wasukaji wetu wakabaki walivyokuwa, wazee, macho yamepungua. Katika njia yetu namjua mmoja tu anayesuka bado, na yuko hapa leo, amekataa nisimtaje. Shikamoo, mama.

Kwa mapambo ya Krismasi sitasema mengi, kwa kuwa mnajua kuliko mimi. Ila mvinje uko ufukweni, na tawi moja linatosha nyumba. Lisimamisheni kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, maana likikauka linapukutika siku mbili. Badala ya nyota za plastiki, vifuu vya nazi vikisuguliwa msasa na kupakwa mafuta vinang'aa, na makombe ya pwani yaliyokwisha kufa, yaliyotupwa na bahari, yanatobolewa yakapitishwa uzi. Walio hai waacheni majini. Ukili mwembamba wa rangi mbili ukiuzungusha kwenye tawi hutautoa tena.

Wenzetu wa Kilimanjaro wanajua hili la kurudi na kupeana. Desemba mabasi yanajaa kwenda kwao, mbege, pombe ya ndizi na ulezi, imekwisha tengwa mapema ichachuke, mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima, amechaguliwa. Jirani yangu alinionyesha pia jani la isale, ambalo kwao mtu humpelekea aliyekosana naye kuomba radhi. Alilipanda kwenye kopo la rangi pale kotani. Nilimwuliza la nini, mbali na kwao. Akasema, "Mwaka hauishi bila mtu kuhitaji." Na ng'ambo hapa Unguja, kule Makunduchi, kila Julai wanafanya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, na desturi yao siku ile ni kila nyumba kuwa na mgeni wa kula naye.

Nakuja kwenye ombi langu. Kila nyumba ichague kitu kimoja cha kufanya kwa mkono mwaka huu. Kimoja tu, vyote vingine nunueni. Nyumba moja vileja, nyingine vikuba, nyingine vifuko, nyingine keki ya makaa. Kifanyeni pamoja na mtoto, tena mpeni mtoto kazi ya kweli, asiwe wa kutumwa chumvi tu. Kisha mpelekeeni jirani kwenye chombo chenu wenyewe, cha udongo, cha bati, cha plastiki nzito, chochote kinachopaswa kurudi. Andikeni jina chini kwa kipande cha plasta kama mnaogopa kitapotea. Na nyumba zisizo za dini yenu zipewe kwanza.

Nimemaliza kusema, sasa tufanye. Beseni hili lina ukindu wa kutosha watu thelathini. Mama yetu msukaji amekubali kukaa katikati, na mimi nitakaa upande huu. Anayejua kusuka aketi karibu na asiyejua. Hatusuki kawa leo. Tunasuka ukili wa urefu wa mkono, kila mtu wake, na jioni tutaziunga tuone tumefika wapi. Ukindu ukikauka mkononi uchovyeni tena, usilazimishe, utavunjika.

Wewe mwanangu wa nyuma, mwenye shati la buluu, njoo hapa kwangu. Kaa. Shika ncha hizi mbili, usizivute. Hii inapita juu, hii inapita chini. Tena.